Mtaa wa Rockey Kwenye Theluji

Yeoville, Johannesburg
Novemba 2018

Mapendo, mwanangu,

Umetoka na mama yako mdogo kwenda kuwaaga watu wa kilima cha zulia ulikojifunzia kuteleza, kule Randburg. Nimebaki mezani, dirisha wazi, na mawingu ya mvua ya alasiri yameanza kujikusanya juu ya Hillbrow. Ndege yako ya Austria ni kesho. Mkono wangu siku hizi huchoka haraka, kwa hiyo naanza mapema ili niwe nimemaliza mtakaporudi.

Sitakuandikia habari za soksi. Mama yako mdogo ameshakwambia kuhusu soksi, na fulana za sufu, na sombe, yale majani ya muhogo aliyoyakausha na kuyafunga vizuri, akaandika juu yake kwa kalamu nzito neno "mboga" ili watu wa uwanja wa ndege wasidhani ni bangi. Amekuonya pia dhidi ya wanaume wanaopika vizuri kuliko wanavyofanya kazi. Yote hayo nakubaliana nayo na sina la kuongeza.

Nakuandikia Kiswahili. Najua utasoma polepole, ukitembeza kidole chini ya mstari, na pengine utamwita mama mdogo akusaidie neno mojamoja. Miaka yote wewe umeniuliza kwa Kiingereza nami nimekujibu kwa Kiswahili, na hatujawahi kukosana kwa ajili hiyo. Kifaransa changu kilibaki darasani Goma. Kiingereza changu ni cha getini, cha kumwomba mtu asaini kitabu na kumwonyesha pa kuegesha gari. Ninayotaka kukwambia leo hayaingii humo.

La kwanza ni hili. Katika mbio zako zote za kuteleza kwenye theluji, tangu ile ya watoto kwenye zulia hadi za mwaka jana, sikuwahi kukuona ukishuka. Nilikuwapo, hilo ni kweli. Nilikuona ukivutwa kwenda juu, nilikuona ukifika chini ukivua kofia. Lakini katikati, pale hasa unapokuwa wewe, mimi nilikuwa nimegeuza mgongo.

Ulikuwa ukinijia na jasho na kuniuliza kama nimeona ulivyolipita lango la tatu. Nami nilikujibu bila kusita. Nilisifu bega lako la kushoto, nikakosoa mkono wa kulia. Bega na mkono vyote niliambiwa na mama yako mdogo. Yeye ndiye aliyekuwa redio yangu. Alisimama kando yangu, uso wake mlimani, uso wangu kwenye maegesho ya magari, akanitangazia kama mechi ya mpira: anakuja, amebana, amefungua, ee Yesu, amepita. Watu walidhani mimi ni kipofu. Mzungu mmoja mwema aliwahi kunishika kiwiko anisaidie kwenda chooni.

Nitakueleza sababu. Lakini kwanza turudi zuliani, kwa kuwa huko ndiko ilikoanzia fahari yangu juu yako, ile ambayo hukupewa.

Mama yako alipofariki ulikuwa mdogo, na mimi nilikuwa mzee wa kutosha kuitwa babu yako. Saluni ya mama mdogo ilijaa dawa za nywele na maneno ya watu wazima, kwa hiyo ukitoka shule ulikuja kazini kwangu. Kazi ilikuwa kulinda kilima kimoja kilichofunikwa zulia jeupe la plastiki, lenye manyoya magumu kama brashi, ambako wenye uwezo waliwaleta watoto wao wajifunze kuteleza kabla ya kwenda Ulaya likizo. Nilifungua geti, nilifunga geti, na jioni nilifungulia maji yalowanishe zulia liteleze. Wewe ulifanya hesabu zako kwenye kibanda changu. Niliwahi kufundisha jiografia kwa miaka mingi, nilichora barafu ya Alpi ubaoni kwa chaki ya bluu, na sasa nilikuwa namwagilia theluji ya plastiki. Nilicheka peke yangu mara nyingi pale.

Jioni moja nilifungulia maji, nikageuka, nikakuona unashuka kwenye kilima ukiwa umesimama juu ya kifuniko cha boksi la barafu ulichokitoa jikoni kwa wenye kilima. Umesimama, mikono mbele, viatu vya shule miguuni. Kocha Annelie alikuwa amesimama chini na funguo mkononi. Nilikukimbilia, nikakunyang'anya kile kifuniko, nikakukemea mbele yake mpaka ukalia.

Kocha alisubiri nimalize. Akasema kwamba watoto wote, mara ya kwanza, hukaa chini. Woga huwakalisha. "Wako hakukaa," akaniambia. "Niachie huyu."

Nilimkatalia. Nilimkatalia mwaka mzima, na yeye mwaka mzima aliniletea viatu vilivyotumika vya saizi yako, kila miguu yako ilipokua. Nikasema tuna kanisa, nikasema una kifua, nikasema mchezo ule si wa watu kama sisi. Mwishowe mama yako mdogo ndiye aliyeniweza. Alikuwa anasuka, midomo imebana vipande vya nywele. Akavitoa mdomoni akasema, "Shemeji, lile ni zulia. Si barabara ya Kibumba."

Wateja walicheka, wakidhani ni utani wa kwetu. Njiani ukaniuliza Kibumba ni nini. Nikakujibu kwamba ni mahali wanapolima kabichi. Ni kweli, wanalima kabichi. Kesho yake nikamwambia kocha sawa.

Lakini nilitaka masharti, na masharti yangu yalikuwa ya kimwalimu. Kocha alikuwa amenieleza namna mbio zenu zinavyokwenda, na jambo moja lilinipendeza sana. Malango hupangwa upya kila mara, nguzo nyekundu na za bluu, na hakuna anayeruhusiwa kuyajaribu. Mnashuka polepole pembeni, mnayasoma moja moja, mnafunga macho na kuyarudia kichwani, kisha mnaitwa. Nikasema, huu ni mtihani, na mitihani naijua. Mtoto wangu hatashuka mahali asipopajua.

Ndipo tukatengeneza ramani yetu. Kila Jumamosi tulikwenda sokoni kupitia Mtaa wa Rockey, na maduka yake uliyajua kwa harufu. Nikakufundisha kulipatia kila lango duka lake. Lango la kwanza, saluni ya mama mdogo. La pili, fundi cherehani Mrundi, yule mwenye suruali za mfano mlangoni. La tatu, duka la simu. La nne, Mama Kapinga na makayabu yake, wale samaki wa chumvi. Kisha spaza, kile kiduka cha Mhabeshi, kisha kanisa la ghorofani, kisha roboti, zile taa za kuongozea magari, na kuendelea hivyo. Ulikuwa ukirudi kutoka kuyasoma malango, unasimama mbele yangu na kofia kwapani, unanitajia mtaa mzima: saluni geuka mapema, fundi nyoosha, simu nyoosha, makayabu panabana, Mhabeshi fungua. Hayo uliyasema kwa Kiswahili. Ndicho Kiswahili kirefu kuliko chote nilichowahi kukusikia ukisema, na kilikuwa kizuri. Tulipokwenda kwenye mlima wa kweli malango yakazidi maduka, tukaingia na Mtaa wa Raleigh. Ila lango la mwisho halikubadilika hata siku moja. Hilo tuliliita nyumbani.

Sasa elewa jambo hili. Nilipogeuza mgongo, sikuwa nimekuacha. Nilitembea na wewe. Mluzi wa kuanzia ukilia, nilifumba macho nikaanza: saluni, fundi, simu, makayabu. Nilijua kasi yako kama ninavyojua kasi ya wimbo. Nikifika nyumbani nikasikia watu wanapiga makofi, nilijua tumefika pamoja.

Sitasahau Lesotho mara ya kwanza. Milima yote ya kahawia, kavu kama ngozi ya tembo, na katikati yake mstari mmoja mweupe uliomwagwa kama maziwa. Nilishuka garini, nikachota theluji, nikaifunga kwenye leso nikiikagua. Nikaanza kuwaeleza wazazi wenzangu jinsi theluji inavyojengeka kuwa barafu, na barafu inavyochonga bonde, somo zima la kidato cha nne, mpaka ukaja umeinamisha kichwa kwa aibu ukaninong'oneza kwamba ile ilikuwa imetengenezwa kwa mashine usiku. Nikasema mashine nayo imefanya vizuri. Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini kwenye ile theluji, akanyanyuka na sketi imelowa.

Mwaka wa tatu wa kwenda kule ukaanguka.

Nilikuwa nimeupa mlima mgongo kama kawaida. Saluni, fundi, simu, makayabu. Kabla sijafika kwa Mhabeshi, nikasikia watu wote wamenyamaza. Redio yangu nayo imenyamaza. Kisha nikasikia miguu ya mama mdogo inakimbia kupanda. Nilijua umeangukia wapi, mwanangu. Nilipajua kwa jina mahali ulipokuwa. Na sikugeuka. Nilisimama nikiangalia magari, na sikugeuka mpaka walipokushusha na machela ikapita mbele ya macho yangu.

Goti lile lilikuchukua karibu mwaka mzima. Hukulia wakati wote huo, wala hukulalamika. Uliniuliza swali moja tu, siku ya kutolewa nyuzi: kwa nini mama mdogo ndiye aliyekuja na si mimi. Nikakwambia mteremko ulikuwa mkali kwa miguu yangu. Ulinitazama, ukakubali. Tangu siku hiyo ukaacha kuniuliza kama nimeona lango la tatu. Nililitambua hilo. Nimelibeba.

Sababu yenyewe ni hii.

Ulikuwa na kaka. Jina lake unalijua, Amani, na picha yake umeiona, ile ya kaptura na magoti yenye vumbi. Tulikwambia kwamba alikufa kwa homa kabla hujazaliwa. Hakufa kwa homa.

Kwetu Goma kuna chukudu. Mama mdogo alishakuonyesha kwenye simu: gari la mbao la magurudumu mawili, usukani kama pembe za ng'ombe, ambalo watu hubebea viazi na makaa na hizo kabichi kutoka milimani. Halina injini. Mlima ukipanda unalisukuma, ukishuka unasimama juu yake. Breki ni kipande cha tairi kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma, dereva anakikanyaga. Amani alipokuwa wa kwanza darasani, walimu wenzangu waliwanunulia watoto wao kalamu. Mimi nilikwenda kwa seremala nikamwagizia mwanangu chukudu ndogo ya kimo chake.

Jumamosi moja vijana walishindana kwenye barabara ya Kibumba. Nilisimama chini karibu na kona, na walimu wenzangu, nimevaa koti. Nilikuwa nimewaambia kwamba wangu atawaacha wote. Akatokea juu, yuko mbele kweli. Lakini kijana mmoja mkubwa alikuwa anamkaribia, na nikaona Amani amekanyaga breki. Nikaona aibu. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anapunguza mwendo kabla ya kona, kwa akili yake nzuri, na baba yake mwenye diploma anaona aibu mbele ya wenzake. Nikapaza sauti: "Toa mguu!"

Alinisikia. Alikuwa mtoto msikivu. Alitoa mguu.

Kona yenyewe sitaiandika. Nitaandika tu kwamba niliangalia mpaka mwisho, na kwamba tangu hapo, kitu chochote kinachoshuka, hata mtoto kwenye bembea, kilinifanya nigeuze uso.

Mama yako hakuwahi kunilaumu kwa maneno. Alinipikia, alinifulia, tulihama pamoja, tulivuka mipaka pamoja na vita nyuma yetu. Ulipozaliwa hapa, wakati tulikuwa tumeshaacha kutarajia, alinipa nikushike akaniambia, "Huyu usimtume." Basi. Nikaahidi.

Nikajifunza, lakini nilijifunza vibaya, na hilo ndilo ninalotaka ulichukue kutoka kwangu kama utachukua kitu. Nilidhani kosa langu lilikuwa kujivunia mtoto. Nikaamini kwamba fahari ya baba ni kama mkono mgongoni, inasukuma. Kwa hiyo nikakunyima. Ulipokuwa bingwa wa taifa mara ya kwanza nilikwambia ule chakula kabla hakijapoa. Mara ya pili nilikuuliza kuhusu matriki, mtihani wako wa kumaliza sekondari. Watu wa kanisani walitaka kukuimbia, nikawaambia wasimvimbishe mtoto kichwa. Usiku nilikitoa kikombe chako cha ubingwa kabatini nikakifuta kwa fulana yangu, na asubuhi ulikikuta kabatini.

Sasa naona kwamba Amani hakuuawa na fahari. Siku ile macho yangu yalikuwa kwake, lakini mawazo yalikuwa kwa wenzangu, kama wanamwangalia. Nilimtaka ashuke kwa ajili yangu. Hiyo ndiyo tofauti, na imenichukua maisha yangu yote kuiona, na nisingeiona kama si mama yako mdogo na kiti cha plastiki.

Agosti hii, unakumbuka, nilikwenda Lesotho nikiwa sina nguvu ya kusimama. Mama mdogo alinikalisha kwenye kiti cheupe, akanifunika blanketi la Kisotho mpaka kidevuni, na uso akauelekeza mlimani. Nikamwambia anigeuzie kiti.

"Hakigeuki," akasema. "Miguu yake imezama kwenye theluji."

"Kivute."

"Mgongo wangu, shemeji." Mwanamke huyu hubeba jenereta la saluni ngazi tatu bila kupumzika.

"Basi nitangazie."

"Redio imeharibika leo," akasema, akakunja mikono. Kisha, bila kuniangalia, akaongeza kwa sauti ndogo: "Dada yangu alisema usimtume. Hakusema usimwone."

Nikafumba macho. Mluzi ukalia. Nikaanza: saluni, fundi, simu. Nikafika makayabu, pale pale, na nikagundua kwamba sitaweza kukuacha tena mahali pale peke yako. Nikafungua macho.

Nilikuona, Mapendo.

Sehemu ya juu ya mwili wako ilikuwa imetulia kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji, na chini yake miguu inakwenda kama cherehani. Nguzo ulizipiga kwa mkono zikalala, zikasimama tena nyuma yako, kama watu wa mtaani wanaompisha mtu kisha wanageuka kumtazama anavyokwenda. Sauti ya ski zako sikuwahi kuisikiliza kabla, kumbe zinachana theluji kama mtu anayechana khanga mpya vipande viwili. Na nikaona jambo ambalo mama mdogo hakuwahi kunitangazia, labda kwa kuwa halionekani ila kwa mtu aliyewahi kufundisha. Nilikuona unasoma. Ulikuwa kwa Mhabeshi, lakini macho yako yalishafika kanisani. Huku miguu inamalizana na lango moja, wewe ulikuwa mbele, umeshaijua kona. Hakuna aliyekutuma. Hukuwa unakimbia ili mtu aone. Pale kwenye roboti ulikuwa unatabasamu, mwanangu, kwa kasi ile, meno nje, kama siku ile ya kifuniko cha boksi.

Nililia kwa sauti. Ulipokuja chini ulidhani ni ugonjwa, ukamkemea mama mdogo kwa kunitoa nje kwenye baridi. Haukuwa ugonjwa. Ilikuwa fahari ya miaka yote, imetoka kwa mkupuo, na mzee hana pa kuiweka.

Basi iwekwe hapa. Ninajivunia wewe. Najivunia ulivyosimama mtoto wa viatu vya shule mahali wengine wanapokaa. Najivunia goti lako, na ulivyojifunza upya kutembea huku ukimshikia mama mdogo chanuo. Najivunia kwamba umekuwa bingwa wa nchi mara tatu katika mchezo ambao nusu ya jengo letu bado inadhani ni kuogelea. Yule Mrundi fundi cherehani ameweka picha yako dirishani kati ya suruali, na akiulizwa husema, mtoto wetu huyu, alifundishwa na mtaa huu. Mama Kapinga anadai asilimia yake kwa kuwa lango lake ndilo gumu.

Sasa la mwisho, na hili ni gumu kuliko makayabu.

Jumapili iliyopita ulifungua begi ukazitoa nguo, ukasema Austria ipo tu, utakwenda mwakani nikipata nafuu. Nikakwambia daktari amesema naendelea vizuri. Ukanitazama kama ulivyonitazama siku ya nyuzi, ukazirudisha nguo. Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho kwako. Daktari alisema moyo umechoka na dawa zimefika mwisho wake. Hakunitajia muda, na mimi sikumuuliza. Aliniambia tu, kwa upole, kwamba mambo ya familia nisiyaweke mbali. Inawezekana ukirudi usinikute.

Mama mdogo alinishauri barua hii uifungue ukiwa umeshafika, wakati huwezi kugeuza ndege. Nimekataa. Nitakupa leo jioni baada ya chakula, na begi likiwa bado wazi. Niliwahi kumwambia mtoto atoe mguu na sikumwambia habari za kona. Wewe nakwambia kona iko wapi. Umeisoma sasa kama unavyoyasoma malango, unajua ilivyo, na uamuzi ni wako. Ukibaki, sitakulaumu, tutakula sombe pamoja.

Lakini ukiniuliza ninachotaka, nataka uende. Si kwa ajili ya watu wa kanisani, wala dirisha la Mrundi, wala mimi. Nataka uende kwa kuwa nimeuona uso wako pale kwenye roboti.

Nimesikia kwamba kule wageni huanza mwisho, baada ya wasichana wote wakubwa kupita na njia imeshachimbika mitaro. Usiogope hilo. Mtaa wa Rockey haujawahi kuwa laini. Ukiwa juu, funga macho, utaje mtaa kwa Kiswahili, hata kama walio karibu watacheka. Siku hiyo mama mdogo atafunga saluni na kuweka simu yake mbele ya kioo, na mimi nitakaa kwenye kiti cha wateja, kile kinachozunguka. Nimeshamwambia akifunge kamba kisizunguke.

Na kama siku hiyo kiti kitakuwa kitupu, taja mtaa hivyo hivyo. Makayabu panabana, Mhabeshi fungua, kanisa, roboti. Ukifika nyumbani usisimame kunitafuta. Lile ni lango kama malango mengine, linapitwa kwa kasi, na mstari wa mwisho uko mbele yake.

Mvua imeanza, na nasikia ufunguo mlangoni, na mama yako mdogo anakugombeza kwa jambo fulani. Umeijua kona, mwanangu. Toa mguu.

Papa yako